Jinsi ya Kutathmini Mradi wa Msaada wa Biashara: Mwongozo Kamili, kwa Mifano ya Tanga na Horohoro

Tanga kuna usemi: waja leo waondoka leo. Wenye mji wana tafsiri zao, nyingine za mahaba, lakini mimi huukumbuka kila nikiona gari la watathmini wa mradi likiingia mjini saa nne asubuhi. Wanashuka, wanazunguka ofisi tatu, wanakula pweza Raskazone, na kesho yake wako ndani ya ndege. Miezi miwili baadaye ripoti inatoka: mradi umefanikiwa, watu kadhaa wamepewa mafunzo, vikao kadhaa vimefanyika. Muuza machungwa wa Muheza hayumo hata kwenye tanbihi.

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa kazi hiyo na anataka kuifanya sawasawa: ofisa biashara wa halmashauri, mtu wa ufuatiliaji na tathmini kwenye asasi, mwanafunzi wa uzamili, mwandishi wa habari, au kiongozi wa chama cha wafanyabiashara aliyechoka kusomewa mafanikio asiyoyaona. Huhitaji kuwa mchumi. Unahitaji daftari, saa, uvumilivu wa kukaa mpakani tangu alfajiri, na ujasiri wa kuandika kile ulichokiona.

Hatua ya 1: Jua ni msaada wa namna gani

Neno "msaada wa biashara" ni kapu kubwa. Mpango wa kimataifa wa Msaada kwa Biashara ulizinduliwa kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) huko Hong Kong, Desemba 2005, na tangu mwanzo ulibeba mambo mengi: sera na kanuni za biashara, miundombinu, kuongeza uwezo wa kuzalisha, na kuzisaidia nchi kubeba maumivu ya mageuzi yenyewe. Kwenye kanzidata ya misaada ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalokusanya nchi tajiri, kila mradi una namba ya sekta. Zinazoanza na 331 ndizo za sera na kanuni za biashara. 33120, kwa mfano, ni uwezeshaji biashara, yaani forodha, taratibu na nyaraka. Barabara, bandari na umeme vina namba nyingine. Fedha nyingi ziko huko kwenye miundombinu na uzalishaji, na mageuzi ya sheria na taratibu hupata kipande kidogo tu cha keki.

Kwetu mfano uko wazi. Barabara ya lami ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65, ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia MCC, shirika la misaada la serikali yake, katika mkataba wa dola milioni 698 uliotekelezwa kati ya 2008 na 2013. Hakuna bango lililosema "mageuzi ya biashara", lakini kwa dereva wa Fuso, lami ilikuwa mageuzi kuliko waraka wowote.

Kabla ya yote, pata majibu ya maswali manne kwa maandishi. Ni ruzuku au ni mkopo? Mkopo nafuu nao unahesabiwa kuwa msaada, ila wajukuu zetu ndio watakaoulipa. Fedha ziliahidiwa kiasi gani, na zilizotoka kweli ni kiasi gani? Hizo ni tarakimu mbili tofauti, na ripoti nyingi hupenda ile kubwa. Zilipita kwenye bajeti ya serikali au zilikwenda moja kwa moja kwa mkandarasi? Na kiasi gani kiliishia kwa washauri waelekezi? Usipopata jibu la swali la nne, andika kwamba uliliuliza na hukujibiwa.

Hatua ya 2: Chora mnyororo kwenye karatasi moja

Kila mradi una imani yake, hata kama haijaandikwa. Ichore kwa "ikiwa" na "basi". Chukua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kama kile cha Horohoro upande wetu na Lunga Lunga upande wa Kenya. Ikiwa maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, basi mzigo utakaguliwa mara moja. Ikiwa utakaguliwa mara moja, basi saa za kusubiri zitapungua. Zikipungua, gharama ya safari itashuka. Ikishuka, mkulima atapata bei nzuri zaidi shambani.

Sasa tembea na kalamu nyekundu, ukiuliza kila kiungo cha mnyororo: nini lazima kiwepo ili hiki kizae kile? Mtandao usikatike. Vibali vyote vitolewe pale pale, siyo kimoja kifuatwe mjini. Mwenye sampuli asisubiri maabara ya mbali. Na kile kiungo cha mwisho ndicho dhaifu kuliko vyote: machungwa ya Muheza mara nyingi hununuliwa yakiwa bado mtini, na mnunuzi anayetoka Kenya ndiye anayepanga bei. Gharama ya mpakani ikishuka, nani atabaki na tofauti hiyo? Mradi mwingi unaonyamaza kwenye kiungo hiki hufika mwisho bila kujua umemsaidia nani.

Kumbuka pia mageuzi ambayo nchi imeyafanya yenyewe. Mwaka 2018 serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, na Julai 2019 udhibiti wa usalama wa chakula ukahamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS, ili mfanyabiashara wa chakula asizunguke milango miwili. Kama mradi wa mfadhili unadai "kupunguza idadi ya vibali", angalia tarehe. Huenda ulikuta mlango umeshafungwa.

Hatua ya 3: Chagua maswali machache

OECD ina vigezo ambavyo wafadhili karibu wote huvitumia. Vitano vilianza 1991, cha sita kikaongezwa 2019: ufaafu (mradi unajibu shida ya kweli?), ushikamano (unapatana na miradi na sera nyingine?), ufanisi (ulifikia malengo?), tija (kwa gharama gani?), athari (nini kimebadilika kwa watu?) na uendelevu (kitabaki nini?).

Hadidu za rejea zitakutaka ujibu vyote sita ndani ya siku ishirini. Usikubali kimya kimya. Chagua viwili au vitatu uvichimbe, vingine vipe ukurasa mmoja mmoja. Maoni yangu: ufaafu na uendelevu ndivyo vinavyoonewa, kwa sababu cha kwanza kinamkera aliyebuni mradi na cha pili kinamkera aliyeulipia.

Hatua ya 4: Fuata mzigo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nakushauri utumie nusu ya siku zako. Usianze ofisini. Anza mahali mzigo unapoanzia.

Chagua bidhaa mbili au tatu zinazotofautiana kwa kasi ya kuharibika na kwa ukubwa wa mwenye mzigo. Kwa Tanga ningechukua machungwa ya Muheza, iliki ya milima ya Amani, na mizigo midogo ya akina mama wanaovuka wenyewe. Panda na mzigo, au mpe dereva fomu ya ukurasa mmoja yenye mistari hii: saa ya kumaliza kupakia, kila kizuizi njiani na dakika zilizotumika, saa ya kufika kwenye foleni, saa nyaraka zilipopokelewa, saa ukaguzi ulipoanza na ulipoisha, saa malipo yalipoonekana kwenye mfumo, saa ya kutoka getini. Pembeni weka safu mbili za fedha, yenye risiti na isiyo na risiti.

Faida ya kugawa muda vipande vipande utaiona jioni ya kwanza. Ukiuliza "mzigo unachukua muda gani?" utaambiwa "siku mbili". Ukigawa, huenda ukakuta forodha imetumia dakika arobaini, na muda uliobaki wote ulikuwa wa kusubiri cheti cha usafi wa mimea, wakala aliyezima simu, au benki kufunguliwa. Mradi uliotumia fedha zake zote kwenye kompyuta za forodha ulikuwa unatibu kidole wakati kinachouma ni goti. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unazihimiza nchi kupima na kuchapisha wastani wa muda wa kuachilia mizigo, na Shirika la Forodha Duniani lina utaratibu wake wa upimaji. Uutumie, lakini ongeza kipande cha kabla ya geti. Upimaji rasmi huanza mzigo ukishafika. Maumivu huanza Muheza.

Jinsi ya kuuliza nayo ni fani. Safari moja nilisimama mpakani na dodoso zuri kabisa, nikauliza watu thelathini kama wanaridhika na huduma. Wote wakasema ndiyo. Nilikuja kugeuka nikakuta mwenyeji wangu, ofisa aliyenipokea kwa ukarimu, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu muda wote, na kitambulisho kifuani. Siku nzima ikaenda na maji.

Kesho yake nikaenda peke yangu, nikakaa kwenye benchi la mama lishe. Akaja mama mmoja na kikapu chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Si na mtu wa hapa getini."

"Haya, kaa."

Akafungua kibindo cha kanga, akatoa risiti zilizofungwa kwa raba, akazipanga juu ya benchi moja moja kama anayegawa karata. "Hizi za serikali." Nikamuuliza, na nyingine? Akanifungulia kiganja kitupu. "Hizi hazina karatasi."

Tangu siku hiyo siulizi "umewahi kutoa rushwa?" Nauliza: "Mtu mwenye mzigo kama wako, kwa kawaida, hutumia shilingi ngapi zisizo na risiti mpaka avuke?" Swali linamhusu mtu mwingine, kwa hiyo linajibika.

Muulize pia kuhusu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa mzigo mdogo: bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti hicho. Miradi mingi imetumia fedha kukitangaza. Swali lako lisiwe "umesikia?" Liwe "mara ya mwisho ulipovuka, ulikitumia?" Akijibu hapana, muulize sababu na uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Huenda akakwambia kwamba cheti kinaondoa ushuru lakini hakiondoi vibali vingine. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko jedwali.

Hatua ya 5: Takwimu, na yale yasiyomo

Omba kumbukumbu za forodha kutoka TRA, zitokanazo na mfumo wa TANCIS: idadi ya nyaraka, thamani na aina ya bidhaa kwa mwezi, angalau miaka mitatu kabla ya mradi na kipindi chote cha mradi. Andika barua mapema. Barua ya aina hii huzunguka.

Kisha fanya jaribio la kioo. Chukua tunachosema tumeuza Kenya, kiweke mkabala na kile Kenya inachosema imenunua kwetu; kanzidata ya Umoja wa Mataifa ya Comtrade inayo yote mawili na ni bure. Tarakimu hazitalingana. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa kuwa muagizaji kwa kawaida huhesabu na nauli na bima, wakati muuzaji huishia bandarini au mpakani kwake. Tofauti ikiwa kubwa kwenye bidhaa moja, hapo pana kitu cha kufuatilia.

Na kuna biashara isiyo kwenye kioo chochote. Mkoa huu una njia za panya kwenye mpaka wa Mkinga na bandari bubu kando ya pwani nzima. Mradi ukirahisisha kituo rasmi, baadhi ya mizigo itahama kutoka njia ya panya kuja getini, na takwimu rasmi zitapanda bila chungwa moja jipya kuuzwa. Ni jambo jema kwa mapato ya serikali na kwa usalama wa mfanyabiashara, lakini si ukuaji wa biashara. Njia ya kulijua ni kuhesabu kwa macho: wiki moja kabla, wiki moja baada, vijana wawili wanaoaminika na wenyeji, wakihesabu baiskeli, bodaboda na vichwa vyenye mizigo. Waambie viongozi wa kijiji mapema, na waeleze kwamba hamwandiki majina. Vinginevyo mtahesabiwa nyinyi.

Hatua ya 6: Tenga mchango wa mradi na mambo mengine

Hapa ndipo ripoti nyingi huzama. Tuseme mradi wa mfadhili ulifundisha mawakala wa forodha wa Tanga, kisha mizigo ya bandari ya Tanga ikapanda. Nani wa kusifiwa?

Katika miaka hiyo hiyo serikali, kupitia Mamlaka ya Bandari, imetumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba na kupanua bandari hiyo. Kina kimetoka mita 3 hadi 13, na zimejengwa gati mbili zenye jumla ya mita 450. Zamani meli zilitia nanga mbali majini, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu, kwa hiyo kila shehena ilishikwa mara mbili. Sasa meli inafunga gatini. Ongeza bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, ambalo ujenzi wake una shehena zake. Ukiyapuuza haya ukasema mizigo imepanda kwa sababu ya semina ya siku tatu hotelini, utachekwa pale Ngamiani.

Mpakani nako kuna matukio yake. Mwaka 2020 ulikuwa na vipimo vya korona na foleni za malori. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache kwa masharti. Mei mwaka huo Rais Samia alikwenda Nairobi, na serikali mbili zikaanza kuondoa vikwazo kimoja baada ya kingine. Mradi uliopima "kabla" mwaka 2020 na "baada" mwaka 2022 utaonekana wa ajabu hata kama haukufanya lolote.

Dawa rahisi ni kulinganisha na mpaka mwingine ambao haukupata mradi. Nikichukua Horohoro, ningeitazama Tarakea kule Rombo, inayopakana na nchi ile ile. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu: tuseme Horohoro mzigo ulichukua saa 30 kabla na saa 18 baada, pungufu saa 12. Tarakea ulichukua saa 26, ukafika 21, pungufu saa 5 bila mradi wowote. Basi zile 5 ni upepo uliovuma kote. Cha mradi ni saa 7. Ukiandika 12, umeidhulumu hesabu. Ukitaka kuwa makini zaidi, hakikisha kwanza kwamba mipaka hiyo miwili ilikuwa ikienda sambamba miaka ya nyuma. Kama Tarakea ilikuwa na safari yake, linganisha Horohoro na mpaka mwingine.

Pale pasipo na mpaka wa kulinganisha, kama kwenye sheria inayogusa nchi nzima, panga maelezo yote yanayowezekana ya mabadiliko uliyoyaona na uyachuje moja moja kwa ushahidi. Na neno lako liwe "mradi ulichangia". "Mradi ulileta" liweke kabatini.

Hatua ya 7: Nani amepoteza?

Wazee wa Tanga hawahitaji kusimuliwa habari ya mageuzi ya biashara. Waliishi ndani ya yale ya 1986, nchi ilipokubaliana na IMF na soko likafunguliwa. Enzi za Mzee Ruksa, dukani kukarudi sabuni na kanga, mitumba ikajaa, na katika mji huu wa viwanda mageti mengi yakafungwa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 kitengo huru cha tathmini cha Benki ya Dunia kilipopitia misaada ya biashara ya benki hiyo ya 1987 hadi 2004, kilikuta kwamba nchi zilisaidiwa kufungua masoko, lakini ongezeko la mauzo ya nje na kupungua kwa umaskini havikufuata kama ilivyotarajiwa.

Kwa hiyo tafuta aliyeumia. Kibarua wa matishari anafanya nini tangu meli zianze kufunga gatini? Wakala mdogo asiye na kompyuta alikwenda wapi mfumo ulipohamia mtandaoni? Mshona nguo? Tenganisha majibu ya wanawake na wanaume. Mizigo midogo ya mpakani ina sura ya mwanamke, na vikao vya wadau vina sura ya mwanamume.

Hatua ya 8: Nani atalipa mfadhili akiondoka?

Orodhesha kila kitu kinachohitaji fedha kila mwezi: leseni ya programu, mtandao, dizeli ya jenereta, vitendanishi vya maabara, mshahara wa fundi. Mbele ya kila kimoja andika jina la kifungu cha bajeti kitakachokilipia mwaka ujao. Pasipo na kifungu, weka sifuri, hata kama umeoneshwa barua ya ahadi. Barabara zina afueni, kwa sababu zina Mfuko wa Barabara unaotokana na tozo ya mafuta. Kompyuta na maabara hazina mfuko wa namna hiyo.

Hili si la nadharia. Machi 2016 bodi ya MCC ilisitisha matayarisho ya mkataba wa pili na Tanzania kufuatia uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mwaka 2025 USAID, shirika jingine la misaada la Marekani, lilivunjwa. Aliyekuwa ameandika "mradi ni endelevu kwa kuwa mfadhili ameonesha nia ya kuendelea" ana la kujibu.

Hatua ya 9: Andika, kisha rudi

Ripoti ya Kiingereza utaiandika, mfadhili anaitaka. Toa pia kurasa mbili za Kiswahili: mzigo unachukua saa ngapi na zinapotelea wapi, shilingi ngapi hazina risiti, nini kimebadilika, nini hakijabadilika. Majina ya watu usiweke, wala maelezo yatakayomfanya ofisa wa zamu amtambue aliyezungumza. Mpakani watu ni wachache na wanajuana.

Zipeleke mwenyewe. Soma kwa sauti Muheza kwenye kituo cha kupakia, soma Horohoro kwenye lile benchi la mama lishe, na uache watu wakukosoe kabla hujafunga rasimu ya mwisho. Watakukosoa. Mara moja niliambiwa saa zangu za foleni ni sahihi lakini nimesahau usiku, kwani anayefika jioni hulala garini, na nilikuwa nimeanza kuhesabu asubuhi. Nikarekebisha jedwali zima.

Kisha panga hesabu ya pili, mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa: mwezi ule ule, siku zile zile za wiki, bidhaa zile zile. Angalia kalenda, Ramadhani husogea kila mwaka na msimu wa machungwa hausogei nayo. Bajeti ya safari hiyo iombe mapema, ndani ya mkataba wa kwanza, wakati wote bado wanatabasamu.